Nilihamia Kabla ya Nyumba

Nilihamia kabla ya nyumba.
Mei ilikuwa inaishia, viazi vimekwisha chimbwa,
nikapanda Isyonje na hema la mtumba kutoka Mwanjelwa,
la kijani, lenye kiraka mgongoni
na herufi za jeshi la nchi nisiyoijua.
Mashemeji walisimama kwenye mpaka wa shamba:
mwanamke hawezi.
Sikuwajibu. Nilikuwa napigilia vigingi.

Nguzo za umeme zinapita bondeni,
waya unavuma kwa ajili ya watu wengine.
Sisi tuna kipaneli cha jua, upana wa sahani,
na sahani yenyewe haishibi:
ukungu hauondoki mpaka saa tano,
na saa tisa umesharudi
kama mgeni aliyesahau fimbo yake.

Baridi ya Juni haibishi hodi.
Huingia kwa chini, penye pindo,
hushika magoti kwanza, kisha figo.
Nimeshazijua tabia zake.
Simu hulala kwapani, la sivyo asubuhi imekufa.
Mafuta ya kula huganda chupani, nayachota kwa kijiko.
Jiko la mkaa halilali ndani, hilo nimeliapia;
namjua mtu aliyelala nalo,
chai yake ya asubuhi ilinywewa na waombolezaji.
Mawe matatu ya shambani nayapasha jioni,
nayavika soksi za marehemu,
moja miguuni kwa Tusekile, moja miguuni kwangu,
la tatu
naliweka upande ule mtupu, kwa mazoea.

Usiku pumzi zetu hupanda, hugonga turubai,
hurudi matone.
"Mama, hema linalia."
Hapana, namwambia, ni maneno yetu ya mchana
yanaturudia.

Na alfajiri ile ya sakitu,
nyasi zote nyeupe kama zimemwagiwa chumvi,
ndoo ilikuwa imejifunga kifuniko cha kioo.
Nikakivunja kwa kikombe cha bati.
Mtoto akaomba kipande, akakiinua,
akalichungulia jua kupitia humo,
vidole vikimwuma, hakukiachia.
"Dirisha," akasema.

Matofali elfu nne na mia mbili.
Nayahesabu kama mwenye deni.
Ukungu umekataa yakauke:
usiku nayafunika nyasi, mchana nayafunua,
nayageuza ubavu kama wagonjwa.
Usiku wa upepo, turubai lilipochanika,
niliziwaza zile nyasi. Niliziwaza sana.
Kulikuwa na mtoto anayetetemeka na rundo la nyasi kavu
hatua sita kutoka alipolala.
Sikuzigusa. Tofali likipasuka halishonwi.
Turubai nililishona kwa uzi wa kiroba,
nikimwimbia Tusekile nusu nusu, sindano mdomoni.

Wiki ya pili ya Julai akaja Anyandwile, mchomaji,
na kuni za miwati na maneno machache.
Tukapanga, tukakandika udongo, tukaacha midomo mitatu.
Jioni akawasha.
Saa nne usiku ukuta wa tanuru ukaanza kuhema.
Nikang'oa vigingi.
Nikasimika hema upya, hatua kumi kutoka motoni,
upande unakotoka upepo,
nikamhamisha mtoto bila kumwamsha.

Usiku ule sikupasha mawe.
Nilivua sweta la juu, nikavua la ndani,
nikavua na kofia;
nilikuwa nimesahau kuwa nina masikio.
Joto lilikuja bila haraka, likipenya turubai,
joto la jikoni, la sebule, la chumba kisicho na mlango bado.
Nyumba ilitupasha kabla haijatuingiza.

Kwenye saa nane nikasikia hatua, kisha kikohozi.
Shemeji Ambilikile, yule wa "hawezi",
amejifunga blanketi mpaka puani.
Akanyoosha viganja kuelekea tanuru.
Hakusema kitu, nami sikumsaidia kusema.
Nikasogeza gogo, akaketi.

Mabati bado sina. Fremu bado.
Tulikaa pale, tukiitazama nyumba ikiiva.